Siku ya Kuganduka

Niliisikia nikiwa chumbani, nakunja nguo: kwaru, kwaru, kwaru. Sufuria ikisuguliwa hulia kwa ukali. Jiwe la mchanga huguna. Nilitoka mbio. Uani, mama aliyenipangisha chumba pale Ntobeye alikuwa ameliinamia beseni, majivu hadi viwikoni, na jiwe langu la mwisho mkononi. Mengine yalikuwa yameanikwa juu ya mkeka, safi kabisa, bila alama hata moja.

Mawe hayo niliyang'oa kwenye genge moja la Mugoma. Zamani, kabla duniani hapajawa na kiumbe mwenye miguu, ardhi ya huku ilivutwa, ikapasuka, ikadidimia, maji yakaingia. Genge lile lilikuwa mchanga wa ufukweni, na mikunjo ya mawimbi imeganda ndani yake hadi leo. Mikunjo hiyo huonyesha maji yalikuwa upande gani, na kwa hiyo ardhi ilipasukia wapi, lakini kwa sharti moja: kabla hujaling'oa jiwe, ulichore mshale wa kaskazini na namba yake. Bila mshale, halisemi kitu. Kurudi kung'oa mengine kusingewezekana, kwani genge lenyewe lilikuwa limeshasagwa kuwa kokoto za barabara. Tasnifu yangu yote iliyategemea mawe yale.

Mzee, mume wa mama huyo, ndiye aliyenisaidia kuyabeba. "Mwanangu," alizoea kunitania, "wenzako husoma ili wasishike jembe. Wewe umesoma mpaka umekuwa punda wa mawe!" Alikuwa akicheka mpaka anakohoa, nasi tulidhani ni kicheko kinachomkohoza. Tulimzika mahindi yakiwa bado mabichi. Nilikaa matanga pamoja na binti zake, na mawe yakakaa chini ya kitanda changu.

Wazazi wa mama walivuka kutoka Burundi, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kirundi. Aliponiambia, "Jumamosi tunaganduka, na vyote vya humu ndani," mimi nilisikia Kiswahili changu: kitu kilichonata kinabanduka. Nikaitikia kwa kichwa, nikidhani anazungumzia kupiga lipu upya. Kumbe kwao kuganduka ni kuuvua msiba, na katika nyumba yake kila kilicholala msibani sharti kioshwe.

"Mama, mawe..." nilisema.

"Ee, nayo yalilala kwenye msiba. Ulitaka uondoke na kifo chetu begani? Na kalamu yako ile, mwanangu, ni kalamu au ni lami? Imenimaliza mikono!"

Akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko chake tangu maziko. Nikasema, "Ahsante, mama," nikachukua kitambaa, nikamsaidia kuyafuta maji.

Safarini kurudi chuoni, basi liliposimama Nyakahura nilishuka na mfuko wangu, nikakaa nyuma ya vibanda vya sokoni. Nililitoa jiwe moja, kisha kalamu. Upande wa juu niliweza kuutambua, kwa kuwa ncha za mikunjo huelekea juu. Kaskazini, hapana. Vipimo vyote nilikuwa navyo, ila sikujua kipi ni cha jiwe lipi. Nilifungua kifuniko. Mshale mmoja tu kwa kila jiwe, nani angejua? Nilijaribu kukumbuka mzee alisimama wapi nilipolichora hili, na kivuli chake kiliangukia upande gani. Nilikumbuka kofia yake. Nilikumbuka kikohozi. Kivuli sikukikumbuka, na nikaona kwamba nikichora mshale pale nitakuwa nimemfanya naye kuwa shahidi wa uongo.

Nikafunga kalamu, nikampigia profesa wangu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba! Haya, nipe habari. Maji yalikuwa upande gani?"

"Sijui, Profesa. Na sitaweza kujua tena. Mawe yameoshwa, alama zote zimefutika."

Nilisikia kiti chake kikilia.

"Yameoshwa? Ilikuwaje?"

Nilikuwa nimepanga maelezo marefu, kwa mpangilio, yenye sababu.

"Tulifiwa," nikasema.