Mtoto Aliyefichwa Sindano

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, kwetu hakuna mtu aliyethubutu kuhesabu watoto. Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa kahawa, upande wa Ruiru. Mgeni akiuliza mko watoto wangapi, cucu, mama mzaa baba yangu, alitema mate chini kabla ya kumjibu. Aliamini ukihesabu watoto unakionyesha kifo mahali pa kuchagua. Na yeye alikuwa amezika wake.

Basi ikaja baridi ya Julai, ile ya manyunyu tangu asubuhi, na surua ikaingia kambini. Tulimzika mtoto wa jirani. Kesho yake sista wa zahanati akaja na sanduku la sindano, akipita mlango kwa mlango na kuandika kila nyumba ina watoto wangapi. Cucu hakuogopa sindano. Aliogopa ile kalamu.

"Ingia hapa," aliniambia, akanisukuma nyuma ya magunia ya mahindi. "Ukikohoa nitakufinya."

Nikachungulia. Binamu zangu walipangwa mlangoni, wakilia hata kabla ya kuguswa.

"Hawa ndio wote, mama?" sista aliuliza.

"Kwani wewe unaona wengine?"

"Nataka kuandika ni wangapi."

"Andika tu. Si umeshawafanya mbuzi wa soko!"

Majirani wakacheka. Sista akaandika, akaenda. Cucu akanitoa, akanipangusa vumbi, akanipa kiazi kitamu. Kwake yeye hesabu haikutimia, kwa hivyo sote tulikuwa tumepona.

Haikupita muda, macho yakaanza kuniwasha. Kisha homa, kisha vipele mwili mzima. Nje binamu zangu walikuwa wanacheza kama kawaida, nawasikia. Kifua kikabana, kila pumzi naivuta kama ndoo kutoka kisimani.

"Tungoje baba yake atoke kazini Thika," mama alisema.

"Tungoje nini? Hebu sikia vile anapumua!"

Cucu akanifunga mgongoni kwa leso, akakata katikati ya shamba la kahawa. Nakumbuka joto la mgongo wake, na vile alivyoniita njia nzima. "Njeri! Itika!" Nikichelewa kuitika, anakimbia. Mama mzee vile, miguu mitupu kwenye matope, anakimbia.

Pale zahanati sista aliniangalia mara moja tu. "Huyu sikumchanja. Alikuwa wapi?"

Cucu akasema, "Nilimficha."

Nilidhani atagombezwa. Sista alinikalisha wima nipate kupumua, akanipa dawa, ndipo akauliza polepole, "Kati ya watoto wote wale, mbona huyu?"

"Huyu ana jina langu," cucu alisema. "Huyu akienda, mimi nitabaki na nani?"

Nilipona, ila sikio la kushoto halikusikia tena.

Sasa nami ni bibi, naishi mtaa wa Kiuu. Baridi ya majuzi wahudumu wa afya walipita kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga wakitangaza chanjo ya homa ya mafua. Jirani yangu, Mama Shiru, akapeleka watoto wake wakubwa, lakini kitinda mimba, yule wa kukorota kifua kila Julai, akamfungia ndani. Vijana wa ploti wakamcheka. "Huyu mathe ni mshamba kabisa!"

Mimi sikucheka. Nikagonga mlango wake.

"Shosho, huyu kifua chake ni dhaifu," aliniambia, amemkumbatia mtoto. "Hao wengine wana nguvu. Huyu siwezi kumjaribu."

"Najua. Huyo ndiye ungeanza naye."

Nikaketi, nikamweleza ya magunia ya mahindi, mpaka mwisho. Alimvika mtoto kofia, tukatoka pamoja.

Watu hudhani anayeficha mtoto ni mtu asiyejali. Mimi nilifichwa na mtu aliyenipenda kuliko wote duniani, na pendo lenyewe nusura linizike.