Ngozi ya Kilima

Harufu ya mvua ya kwanza ikipiga jiwe lililoungua na jua, watu wengi huisifu. Mimi inanichafua roho. Nikiisikia hata leo, hapa Shasha kando ya ziwa, nafunga dirisha, na wanangu hunicheka eti mama anaogopa mvua. Waache wacheke. Hawajaishi kwenye kilima chetu, mpakani mwa Masisi na Walikale, upande ule ambao mawingu huupita yakienda kunyeshea wengine. Kiangazi huko kilikuwa na sauti yake: nyasi fupi zikivunjika chini ya miguu, na ng'ombe wetu mmoja, Bihogo, akizing'oa kwa ulimi kutwa nzima. Mchanga ulikuingia kwenye nguo, kwenye meno, kwenye ugali.

Tulifika hapo tukikimbia vita kutoka Buleusa, kijijini kwa mama. Papa alikuwa mtu wa ng'ombe, na kilima kilikuwa malisho ya ukoo wake. Hakuna aliyewahi kukigombea, na sababu tuliijua baadaye. Mama alikuwa mkulima wa msituni. Kwao, jembe likizama bila ubishi, basi ardhi ni nzuri, hakuna mjadala. Siku alipoupiga mchanga wetu, jembe likazama lote, akacheka peke yake kwa furaha. Papa hakucheka. Alichukua mkuki, akausukuma ardhini kwa mkono mmoja. Uliingia kiasi cha shubiri, kisha ukalia, ngo! Chini ya kilima kizima palitandaa jiwe la mchanga, lenye rangi ya kutu.

"Hii majani njo ngozi ya mulima," alimwambia mama. "Ukiivua, Bihogo atakufa. Na akikufa, mimi nitaenda kubeba mizigo Rubaya."

"Na batoto?" mama akajibu. "Bakule ngozi?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniuma. Rubaya tuliiogopa, maana wanaume waliokwenda kwenye vilima vile vya machimbo ya koltani walirudi wamepinda migongo, au hawakurudi. Kwa hiyo tulivumilia. Tulikunywa maziwa ya Bihogo, tukala majani ya porini, hadi mdogo wetu wa mwisho akaanza kuvimba miguu. Mwenye njaa hana miiko. Papa mwenyewe ndiye aliyesema, bila kumtazama mtu, "Lima, Mama Neema. Lima kidogo." Ee Mungu wangu, hakuna neno linalotanuka kama kidogo! Mama alianza na kipande cha kando ya jiko, akaongeza kingine, na maharage yalipochipua kijani na kunona aliimba nyimbo za kanisani tangu asubuhi, akaendelea kulima mpaka ukingoni mwa mteremko. Hata Papa alianza kutabasamu.

Kisha ikaja mvua, mchana kweupe. Maji yalishuka, yakakuta jiwe, yakakosa pa kwenda. Yakapita kati ya jiwe na mchanga, na shamba zima likateleza mbele ya macho yetu kama mkeka unaovutwa na mtu. Maharage yalikwenda yakiwa yamesimama. Mvua ilipokatika, jiwe lilibaki uchi, linang'aa, linafuka mvuke, na harufu ile ikapanda. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sisi tulijaribu kuuzoa mchanga kwa vikapu kutoka bondeni, mama, dada yangu na mimi. Mvua iliyofuata ikauchukua tena, pamoja na nyasi za pembeni ambazo hazikuwa na kitu cha kuzishika.

Kiangazi kilichofuata Bihogo alikuwa akilamba jiwe. Alikufa amelielekeza domo lake huko huko. Papa hakumlaumu mama hata siku moja. Laiti angemlaumu, wangegombana wakamaliza! Alifunga nguo zake, akamshika kila mtoto kichwani, akateremka kwenda Rubaya. Alibeba magunia kwanza, halafu akaingia kuchimba. Mwenzake mmoja ndiye aliyetuletea habari kwamba mlima ulimwangukia yeye na wengine, na kwamba waliosalimika walichimbua mpaka wakachoka.

Hapa Shasha udongo ni mweusi na mzito. Wanangu hutupa mbegu ya papai nyuma ya nyumba, baada ya muda wanachuma papai, na hawaoni ajabu yoyote. Mama ninakaa naye. Mdogo wetu yule alipona, sasa ni mwanamume mwenye ndevu. Mwaka jana mama aliomba tumpeleke kilimani akamsimamishie Papa msalaba, maana hana kaburi. Palipokuwa malisho ni jiwe tupu hadi juu. Mdogo wangu alitafuta pa kuchimba kila upande, jembe likawa linatoa cheche tu. Tukajaribu kuuegemeza msalaba kwa mawe, upepo ukauangusha. Mama alikuwa amekaa juu ya lile jiwe, akitutazama.

"Muache," alisema. "Udongo yake alishapata."