Bibi Asiyelala

Mwezi wa sita nilirudi Mlola kulala. Usicheke. Wenzangu hurudi kwao kuzika, kuoa, kugombania mashamba. Mimi nilipanda basi Dar es Salaam hadi Lushoto, nikadandia gari jingine la kupanda milima hadi Mlola, nikiutafuta usingizi. Huu ni mwaka wa pili silali. Najilaza saa nne, saa saba macho yangu yako wazi, na kuanzia hapo kazi yangu ni kusikiliza mbwa wa jirani mpaka kunakucha.

Dawa nimezijaribu zote, ndugu yangu. Daktari alisema niache chai na kahawa kuanzia mchana, simu ilale sebuleni, na usingizi usipokuja niinuke nikakae chumba kingine, nisigombane na mto. Nikafanya. Mwenzangu wa kazini akanishauri maziwa ya moto yenye kungumanga, nikanywa mpaka nguo zikanibana. Mwingine akanitumia sauti ya mvua kwenye simu, mvua ya usiku kucha, nayo ikawa inanipeleka chooni tu. Nimesali, nimehesabu kutoka mia nikirudi nyuma. Mwisho nikajiambia, kuna mahali duniani nililala fofofo miaka saba mfululizo, kwa nini nisirudi hukohuko?

Mahali penyewe ni nyumba ya bibi, mzaa mama. Mama alikuwa akifanya kazi Korogwe, malaria ya kule chini ikamtisha, akanipandisha milimani nikiwa na miaka sita. Tulikuwa wawili tu, bibi na mimi, maana babu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijafika. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye bati la kutu, na jikoni kulikuwa na dari ya fito iliyobeba mahindi juu ya moto ili moshi uyalinde na wadudu. Mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi yenye moshi, mabega yangu yanashuka yenyewe.

Jioni za mwezi wa saba ukungu ulikuwa hauna adabu, unaingia ndani bila hodi. Bibi alinichemshia maji nioshe miguu, tukala ugali kwa mnavu au viazi na maharage, kisha akaniwekea mapajani ungo wa maharage nichambue. "Mtoto asiyetaka kulala mpe maharage," ndivyo alivyosema. Mazima huku, yaliyotobolewa kule, mawe chini. Sikuwahi kumaliza ungo hata mmoja. Kichwa kilikuwa kinainama chenyewe, ananibeba, ananilaza upande wa ukutani, ananisugua mgongo kwa kiganja chake kigumu cha mtu wa jembe. Mwaka jana kule Dar nilinunua kilo tatu nikajaribu dawa hiyo. Nilizimaliza zote saa tisa usiku, nikabaki na maharage safi kuliko yote nchini na macho makavu.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba aliyekuwa ananilaza hakuwa akilala yeye.

Nilikuwa na miaka kama minane nilipoamshwa na baridi nikakuta pale anapolala pako wazi. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nje kulikuwa na mwezi, na bibi alikuwa akitembea kwenye migomba yetu, shuka mabegani, polepole, anakwenda hadi mwisho wa tuta halafu anageuka. Nilimwita kwa sauti ya kulia, akaja mbio.

"Usiogope, mwanangu. Tangu babu yako aondoke, usingizi umenikimbia. Natembea miguu ichoke. Miguu ikichoka, macho hufuata."

Alinirudisha kitandani, akanifunika. Kisha akaniambia kwa Kishambaa, lugha aliyoitumia akitaka neno lishike, kwamba haya nisiyatoe nje, kwa sababu watu hawampendi mtu asiyelala. Nikamwahidi.

Wewe unaelewa kwa nini alisema hivyo. Kwetu usiku una wenyewe. Mwanamke mzee, tena mjane, akionekana nje saa nane za usiku, hana maelezo atakayoyatoa yakasikilizwa. "Asiyelala ana lake," watu husema, na sijawahi kumsikia anayeuliza hilo lake ni lipi. Aliyefiwa na mume akashindwa kulala na aliyetoka kuroga huwekwa kapu moja.

Sasa kulikuwa na jirani. Shamba lake lilipakana na letu, alikuwa rika la mama yangu, mcheshi, mwimbaji wa kwaya kanisani kwetu, na alikuwa na ng'ombe wa maziwa aliyemsifu kuliko mumewe. Asubuhi moja, msimu wa mapeasi, ng'ombe yule alikutwa amekufa zizini, tumbo limevimba. Leo najua kwamba ng'ombe aliyeshiba majani mabichi yenye umande huweza kuvimba akafa kabla hakujapambazuka. Wakati ule hakuna aliyesema habari za majani.

Siku mbili baadaye jirani aliniona natoka shule, akaniita uani kwake. Akanikalisha kwenye kigoda, akanipa peasi kubwa lililoiva, akawa ananimenyea la pili.

"Hivi bibi yako siku hizi analala vizuri?"

Nikasema halali. Nikasema usiku huwa anatembea kwenye migomba. Ahadi yangu ilidumu kwa muda wa kula peasi moja.

Lakini hilo silo linalonikosesha raha, kwa sababu lilikuwa kweli. Jirani aliacha kumenya. Aliniinamia, akaniangalia usoni kama vile mimi ni mtu. Elewa kwamba nilikuwa mtoto aliyeachwa kwa bibi, darasani nakaa nyuma, nyumbani tuko wawili, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuacha kazi yake anisikilize. Utamu wa kusikilizwa ulizidi wa peasi. Akauliza, "Anatembea mpaka wapi?" Nami, ili asiondoe macho, nikasema, "Mpaka huku kwenu. Mpaka hapo zizini."

Uongo mtupu. Bibi hakuwahi kuvuka tuta la mwisho. Jirani akanipa mapeasi mengine nimpelekee bibi, nikayala yote njiani.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja kutupiga mawe. Watu wa kwetu ni wastaarabu, hawakufanya fujo. Watoto waliokuwa wakitumwa kwetu asubuhi kuomba moto waliacha kuja. Msibani, bibi ambaye miaka yote ndiye aliyesimamia vyungu, aliambiwa kwa heshima kubwa, "Bibi, wewe pumzika, umechoka," akawekwa kwenye mkeka peke yake. Mama mmoja aliyejifungua alimfunika mtoto uso bibi alipopita kumpongeza. Shikamoo zilibaki palepale, hakuna aliyemnyima shikamoo. Walimwamkia, kisha wakaongeza mwendo.

Kisha ukaja wakati wa kulima, na bibi akaitisha ngemo. Kama hujui, ngemo ni hivi: unawaalika majirani siku fulani, wanakuja na majembe yao, wanalima shamba lako huku wakiimba, na wewe unawapikia washibe. Kesho ni kwa mwingine, nawe unakwenda. Kwa mjane mwenye shamba la mteremko, bila ngemo hakuna mavuno. Bibi hakuwahi kukosa ngemo ya mtu yeyote. Alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba kualika, na kila nyumba ilimwitikia vizuri.

Aliamka, au niseme hakulala, akapika makande chungu kikubwa cha misibani, akaandaa togwa, akapanga bakuli kwenye mkeka. Mimi nilipewa kazi ya kufukuza kuku. Jua likatoka, ukungu ukapanda, tukasikia watu wanaimba kwenye shamba la upande wa pili wa bonde. Bibi akasimama, akaweka mkono juu ya macho, akaangalia. Saa tatu. Saa nne. Akaketi. Kuku mmoja akapanda mkekani akadonoa ndani ya bakuli, nami nikamwangalia bibi anikemee. Hakunikemea.

Saa tano alichukua jembe, akaniambia nichukue langu dogo. Tulilima wawili mpaka jioni, na kesho yake, na siku zote za wiki ile. Nusu ya shamba ilibaki pori mwaka ule. Makande tulikula siku tatu, ya mwisho yakiwa yamechacha, na ule mwaka tuliyakumbuka hata hayo yaliyochacha, maana kabla ya mavuno mengine tulilala njaa mara ambazo sikuzihesabu.

Usiku mmoja katika wiki hiyo, viganja vyangu vimetoka malengelenge, alinilaza upande wa ukutani akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, ulimwambia nini jirani?"

"Sikumwambia kitu, bibi."

Alinivutia shuka mpaka shingoni. "Haya. Lala."

Akaanza kunisugua mgongo. Alijua. Ndani ya nyumba ile tulikuwa wawili, na hakuna mwingine aliyekuwa amemwona kwenye migomba ile usiku. Alijua, na mkono wake haukupungua upole wala haukusimama. Nami nililala. Hebu fikiria: nililala fofofo, usingizi mnono, usiku ule na usiku wa kesho yake. Sasa hivi ningetoa chochote kupata usingizi kama ule, na nilipoupata sikuwa ninaustahili.

Aliishi miaka mingine minane. Nilikuwa na muda wa kutosha kumwambia, likizo baada ya likizo, tumeketi jikoni peke yetu. Kila mara nilisema kesho. Alifariki nikiwa sekondari ya bweni, na siku ya kuzika walijaa. Majembe yalikuwa mengi mpaka mengine yakakosa kazi. Mwalimu wa kwaya alisema alikuwa mama wa wote, na jirani aliimba sauti ya kwanza, analia machozi kabisa. Nilitamani kumtoa pale kwa mikono yangu. Nilibaki nimeshika shada.

Basi, nilivyokwambia, nilirudi mwezi wa sita. Nyumba anakaa mjomba wangu, ameijenga upya kwa tofali na umeme upo. Migomba imeng'olewa, pamepandwa kabichi za kupeleka mjini. Ngemo hakuna tena, siku hizi unatafuta vibarua. Chumba nilichopewa kiko palepale tulipolala, na usiku wa kwanza nilijilaza upande wa ukutani kwa makusudi, mtu mzima na mvi zangu. Nikasikia bodaboda ya mwisho ikishuka, nikasikia ya kwanza ikipanda. Katikati sikupata hata lepe la usingizi.

Kesho yake mchana mjomba akaniambia si vizuri kuondoka bila kumwamkia jirani, kazeeka, anaulizia. Nikaenda. Moyoni nilikuwa na neno moja nililolibeba miaka zaidi ya thelathini: ni wewe. Wewe ndiye uliyemmaliza bibi yangu kwa mdomo.

Nilimkuta barazani, sweta mbili, mguu umevimba. "Shikamoo, mama." Akanishika mikono, akafurahi kwelikweli, akaagiza chai. Mjukuu wake wa kike akaileta, akamwekea bibi yake mto mgongoni bila kuambiwa.

"Nimezeeka, mwanangu," akasema. "Miguu sawa, lakini usingizi! Nikilala saa tatu, saa saba nimeamka. Natoka, nazunguka hapa uani, nazunguka mpaka kule kwenye kabichi zenu, ndipo narudi."

Mjukuu akacheka. "Bibi ni mlinzi wetu. Tumemnunulia tochi."

Tochi! Nilishika kikombe kwa mikono miwili.

"Bibi yako naye alikuwa hivihivi, masikini," jirani akaendelea, anapuliza chai yake. "Uzee tu. Na watu walivyomsema mama wa watu! Watu wabaya sana."

Watu. Neno langu lilifika hapa kooni. Lakini nilijua, nikilitoa, yeye atauliza jambo moja tu, na ana haki ya kuliuliza: nani alimwambia kwamba bibi alifika zizini? Aliniangalia juu ya kikombe. Sijui kama alikuwa anakumbuka. Macho ya wazee huwezi kuyasoma.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Watu ni wabaya."

Nikamaliza chai, nikaaga, na kesho yake nikapanda gari la kurudi Dar. Bado silali. Daktari ananiuliza kama kuna jambo linalonisumbua, namwambia hapana, ni kazi tu. Lakini wewe nimekwambia, kwa sababu jirani siku zake zinakwisha, mjomba hajui, na wale wenye majembe wengi wameshazikwa. Aliye hai anayejua kwa hakika kwamba bibi hakukanyaga zizi lile ni mimi peke yangu. Nikifa bila kusema, bibi atakuwa alifika.