Mtani na Jeneza la Kaka

Kaka yangu alikuwa na kibanda Morogoro mjini, akiwawekea watu nyimbo kwenye simu. Kampuni moja ya muziki ikamshtaki kwa wizi wa nyimbo za mwanamuziki wao, na kompyuta yake ikabebwa iwe ushahidi. Presha ikamuua kabla ya hukumu. Tukampandisha milimani, kijijini kwetu Matombo, kumzika.

Msibani akaja mtani wa ukoo wetu, kavaa koti la suti kama wakili, juu ya kaptura, akagonga jeneza. "Wewe, amka! Mahakama inakuita!"

Watu wakaangua kicheko. Mtani kazi yake ndiyo hiyo, kuwachekesha wafiwa. Hata mimi nilicheka, na hasira zangu zote. Huyo mwanamuziki wao, nani huku milimani angemjua kama si kaka?

Kisha akawageukia kina mama waliokuwa wakiomboleza. "Na nyie, wimbo huo wa nani? Kibali kiko wapi?"

Mama alikuwa akiimba wimbo aliotubembelezea utotoni. Akaukatisha, akamwinulia macho.

"Mtani, kwani na huu nao una mwenyewe?"

Mama hakuwa anatania. Mtani akavua koti lake taratibu, akakaa chini.