Kompyuta ya Laurentine Ilipopata Mbio

Kompyuta ya Laurentine ilikuwa nzito kuamka kuliko mlevi. Ukimletea barua ya kuchapa, aliifungua programu ya ofisi, kisha wote wawili mkakaa kungoja, na kabla ukurasa haujatokea mlikuwa mmekwisha kumalizana habari za ziwa zima, upande wa Zambia na wa Kongo. Mashine hiyo aliachiwa na shirika lililofunga ofisi yake Nchelenge, upande wa Zambia. Ilitumia Linux, mfumo wa bure, na umri wake hakuna aliyeujua. Wateja waliiita Nkambo, yaani babu.

Laurentine alikuwa karani wa kupiga taipu huko Pweto, upande wa Kongo, mpaka vita vilipomvusha. Mumewe alibaki kaburini ng'ambo. Binti yake, Cadette, aliolewa Ndola, na simu zake zikawa za Krismasi na Pasaka. Majirani wa Nchelenge ni watu wema, sina ubaya nao, lakini wao ni Kibemba asubuhi hadi jioni, na Kibemba cha Laurentine kiliweza kununua mihogo, hakikuweza utani. Jamaa zake wakawa wachuuzi wa samaki kutoka Kongo waliokuja kuchapisha maombi ya vibali. Walikaa kwenye benchi lake, wakamenya karanga zake, wakamwambia nani kazaa Pweto na nani kazikwa. Mama Dorica, mzaliwa wa huko huko, ndiye aliyempenda zaidi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na siku moja iliwaumiza wasiostahili. Bwana Nkonde alileta ratiba ya mazishi ya mama yake, imejaa picha kubwa kubwa za marehemu. Nkambo ikaganda. Jeneza likatoka kanisani bila ratiba. Nkonde hakugomba, alikunja karatasi yake akaenda zake, na hilo lilimchoma Laurentine kuliko matusi.

Akakata shauri. Alitafuta maelekezo ya Kifaransa kwenye simu, akayafuata kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Alizima Java, programu ya pembeni ambayo hakuwa na kazi nayo. Akaondoa vivuli na madoido ya kioo, akang'oa nyongeza zisizotumika, akapunguza hatua ambazo programu huzikumbuka ili kurudi nyuma. Picha akajifunza kuzipunguza kabla ya kuziweka. Mwisho akaagiza kipande cha memori kutoka Mansa, kikaja kwa minibasi kimefungwa ndani ya soksi.

Akakichomeka, akawasha, akafungua programu, akanyoosha mkono kuchukua karanga. Alipoinua macho, ukurasa mweupe ulikuwa tayari unamtazama. Laurentine alicheka kwa sauti, akageuka amwambie mtu. Benchi lilikuwa tupu.

Tangu hapo wateja hawakukaa tena. Walisimama mlangoni, wakasifu, wakachukua karatasi, wakaondoka. Karanga zikaota ukungu kwenye bakuli. Jioni alifunga duka akiwa hajasikia habari hata moja ya kwao.

Siku Mama Dorica alipokuja na barua yake, Laurentine aliichapa mara moja, kisha akageuza kioo cha kompyuta kikaelekea ukutani.

"Ngoja kiloko, mama. Nkambo iko nawaza."

"Ah, ile muzee! Bon, nitangojea." Dorica akaketi. Akasimulia harusi ya mupwa wake, jinsi bwana harusi alivyoteleza kwenye mtumbwi na suti yake mpya, na Laurentine akacheka hadi machozi. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Kisha Dorica akainuka kuchota maji kwenye mtungi wa pembeni, akapita nyuma ya meza. Akasimama. Barua yake ilikuwa pale kwenye kioo, imekamilika, mpaka jina lake chini.

"Mama Cadette, barua si iko tayari?"

Laurentine alitaka kusingizia printa, akaacha. "Iko tayari tangu muda. Nilitaka tu ukae."

Honi ya lori ikalia barabarani, samaki hawangoji. Karatasi ikatoka kwenye printa, Dorica akaipokea, akafika mlangoni, akageuka.

"Kamyo itaniacha, mukwetu. Lakini sababu gani hukuniambia nikae?"

Akaondoka mbio. Laurentine akaona aibu. Miaka yote ile, watu wote wale, hakuwahi hata mara moja kumwambia mtu akae. Kazi hiyo alikuwa ameiachia mashine.