Nyota Moja ya Hakimu

Kaka yangu alikuwa na simu sita na hakuna hata moja iliyopiga vizuri. Ukimtafuta, ulikuwa unamsikia anaongea kama yuko ndani ya pipa, mara inakatika, mara anakutumia ujumbe kwamba bado anajaribu mfumo mpya. Mchana anachanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na wenye duka wanamjivunia, maana ukimpelekea kipande cha plasta anakutolea rangi ileile. Akitoka huko ndipo maisha yake yalipokuwa yanaanza. Meza ya chumbani kwake ilijaa bisibisi ndogondogo zilizosimamishwa kwenye glasi, betri zilizovimba na vioo vilivyopasuka. Simu akiinunua leo, kesho ameshaung'oa mfumo wa kiwandani na kuweka mwingine aliouokota mtandaoni. Mkewe, wifi yangu, alivumilia weee, mwisho akafungasha virago.

Mtandaoni walimwita Hakimu. Kazi yake huko ilikuwa kujaribu programu za simu na kuzitolea hukumu, na walikuwapo wengi wasiopakua kitu kabla hajasema. Namsifu kwa moja: hanunuliki. Alishatumiwa simu mpya za bure ili aseme vizuri, akazirudisha bila hata kuzifungua. Ila uaminifu huo ulimpanda kichwani. Kitu kikimuudhi alikuwa anakipa nyota moja na maneno ya kuchoma, wafuasi wake wanavunjika mbavu, na kila hukumu iliyopendwa sana anaipiga picha na kuihifadhi, kama wengine wanavyotundika vyeti ukutani.

Shangazi aliyetulea sote wawili ninaishi naye mimi. Macho yake yamefifia mpaka anatutambua kwa sauti. Alikuwa mwalimu maisha yake yote, na kuomba asomewe pakiti ya chumvi kulikuwa kunammaliza. Halafu mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja kwenye kliniki ya macho akatuonyesha programu: unaelekeza kamera kwenye maandishi, simu inayasoma kwa sauti. Nyingine tulizojaribu zilikitafuna Kiswahili mpaka huambulii neno. Hii ilikitamka kama mtu wa nyumbani. Ilikuwa imetengenezwa na bwana mmoja tu, peke yake. Shangazi akaiita "msomaji wangu." Akaanza kwenda dukani mwenyewe na kusoma vikopo vya dawa mwenyewe, na nikithubutu kumsaidia ananigeukia, "Nani kakuita?" Nilifurahi kufokewa.

Asubuhi moja msomaji akanyamaza. Shangazi alidhani simu imeharibika, akasema twende kwa kaka, maana kama kuna mtu wa kuifufua ni yeye.

Tulimkuta mezani kwake.

"Baba," shangazi akamwambia kaka, "hebu mwangalie huyu msomaji wangu, ameamka bubu leo."

"Kazi ndogo hiyo, shangazi. Lete."

Kaka akaifungua ile programu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikasoma pamoja naye maneno yaliyojitokeza kwenye kioo: *Huduma hii nimeifunga. Asanteni mlioitumia. Na ninyi mliosema ni takataka, nimewasikia.*

Kaka akayasoma mara ya pili. Sikuelewa kitu mpaka alipochukua simu yake nyingine, akaperuzi picha za hukumu zake, akaninyooshea moja. Nyota moja. "Takataka. Unaifungua, inajizima. Aliyeitengeneza akauze karanga." Chini yake watu walikuwa wameongeza matusi yao, na katikati ya matusi hayo mwenye programu alikuwa ameuliza kwa adabu: "Samahani ndugu, simu yako umeibadilisha mfumo? Kwenye simu za namna hiyo inagoma. Nipe muda kidogo nitairekebisha." Kaka hakuwahi kumjibu. Aliijaribu kwenye mojawapo ya zile simu zake mbovu, vimeo alivyovichokonoa mwenyewe, ikagoma, akahukumu.

"Inasema nini?" shangazi akauliza. "Mbona mmenyamaza?"

Niliomba moyoni aseme kweli. Niliomba pia asiseme.

"Inasema... iko kwenye matengenezo, shangazi."

"Ah! Na mimi nilishaanza kuogopa bure." Akapapasa kiti, akakaa. "Sasa nisikilize. Si wanasema wewe ukiandika huko watu wanakufuata? Mwandikie huyo bwana. Mwambie kuna bibi mmoja alikuwa haoni, akampa macho. Mpe hizo nyota zenu zote."

"Nitaandika."

"Andika sasa hivi, unisomee. Nawajua nyie."

Kaka akainua simu usawa wa uso. Vidole vilihangaika kidogo juu ya kioo.

"Programu hii inatumika nyumbani kwetu," akasoma. "Inasoma Kiswahili vizuri kuliko zote nilizojaribu. Aliyeitengeneza ni fundi kweli. Tunamwomba radhi kwa..." Akakohoa. "Nyota tano."

"Wewe kutoa nyota tano!" Shangazi akapiga makofi. "Akiiona hiyo, atafanya haraka."

Simu aliyoishika ilikuwa imezimwa. Mahali pa kuandika maoni mtandaoni palikuwa pameshafutwa pamoja na programu yenyewe, na bwana yule hajajibu hata ujumbe mmoja kati ya wote ambao kaka alimwandikia baadaye. Mimi niliyaona yote nikaufyata ulimi, na hasira niliyo nayo kwa kaka haijapoa mpaka leo. Vimeo vyake ameviuza, amebaki na simu moja ambayo haigusi ndani. Hukumu hatoi tena. Jioni akitoka kazini, rangi bado iko kwenye kucha, anapita kwetu kumsomea shangazi vikopo vya dawa, naye shangazi anamwachia asome, shingo upande.

Akimaliza, shangazi anamuuliza, "Yule bwana hajamaliza tu kuitengeneza?"

"Bado kidogo, shangazi."