Kaa wa Matabishi

Mama mudogo ana saluni ya kusuka nywele kule mtaa wa Annexe, na ndani yake kuna akwariomu ya maji ya chumvi. Muzungu mmoja wa migodi aliyekuwa anarudi kwao ndiye aliyemwachia, pamoja na mawe yake, matumbawe na samaki wawili wa rangi ya machungwa. Mwanzoni wateja waliipenda. Halafu mawe yakaota uchafu wa kijani, mrefu, unaopepea majini, na midomo ikafunguka.

"Mama, hii njo samaki ao njo majani ya sombe?"

"Ile nywele yote ya mu maji, utaisuka siku gani?"

Mama mudogo alicheka pamoja nao. Walipotoka akanigeukia. "Weye njo unasomaka mambo mu telefoni. Chagua bale banyama benye kufagiaka. Bakishindwa, namwanga maji yote, natia mo maua."

Hakuwa anatania. Na mimi ndiye niliyewalisha wale samaki kila nikitoka masomo. Mimi siongei sana na watu, nao hawaongei na mtu. Tulikuwa tunapatana.

Basi nikasoma. Konokono wadogo wa kulamba kioo. Konokono wengine wa kuishi ndani ya mchanga, kazi yao kumaliza mabaki ya chakula. Na kaa wadogo sana, wale wanaojificha ndani ya maganda ya konokono waliokufa; hao ndio wanakula ule uchafu wa kijani. Ila wawe wadogo. Kaa mkubwa akibanwa na nyumba yake, anamuua konokono aliye hai na kuhamia kwake.

Papa mmoja, mzee wa Kivu ya Kaskazini mwenye depo ya jumla, malori yake yanatoka Dar, alikuwa ameagizia mteja wa mjini vinyama vya bahari, na ndoo kadhaa zilibaki. Nilichuchumaa mbele ya ndoo, nikawa nachagua kwa kidole: huyu, na huyu, yule hapana. Hakuna aliyenisumbua. Nilipomaliza, papa akainua kaa mmoja mnene kama ngumi, mwenye gando jekundu.

"Umenyamaza muzuri, mutoto yangu. Hii njo matabishi yako."

Matabishi huwa hayakataliwi kwetu. Ukinunua nyanya, mama wa soko anakuongezea moja juu, unaipokea kwa mikono miwili. Maneno "papa, huyu atakula wenzake" yalinifika kwenye meno. Nikasema, "Aksanti, papa."

"Eh! Na matabishi tena!" Mama mudogo alifurahi kabisa. "Balikupenda!" Tukawaingiza wote pole pole, kidogo kidogo, mpaka wakazoea maji.

Kesho yake nilipotoka masomo, yule mnene alikuwa juu ya jiwe, amevaa ganda jipya lenye mistari. Nililitambua. Lilikuwa la konokono wangu mkubwa, yule niliyemchagua kwanza. Na wale wa mchangani, hata mmoja sikumuona. Nikajua amewamaliza. Nilienda kusimama nyuma ya pazia, kati ya mafurushi ya nywele za kusukia, nikiwaza maua.

Halafu hasira ikanijia. Nikafunga kapenta mmoja, dagaa mkavu, kwenye uzi, nikamshusha majini. Mnene akamkamata, hakutaka kumwachia, nikamvuta na kumtia ndani ya ndoo yenye maji yaleyale ya chumvi.

Hapo mchanga ukatikisika. Kidude chembamba kama mwisho wa uzi kikatoka, kikanusa. Kingine. Konokono wangu wa mchangani walikuwa wanaibuka mmoja baada ya mwingine, wakiifuata harufu ya kapenta. Hawakuliwa, walikuwa wamelala tu! Nilicheka kwa nguvu. Mteja aliyesukwa nusu ya kichwa akageuka.

"Kumbe huyu mutoto iko na sauti!"

Nikabeba ndoo mpaka depo kabla sauti hiyo haijaisha.

"Papa, nakurudishia matabishi."

Wapakiaji walitua magunia ili wacheke vizuri. Papa alinikodolea macho. "Tangu banizale sijaona muntu anarudisha matabishi! Iko mubaya?"

"Haiko mubaya, papa. Iko munene. Inakulaka benzake." Masikio yalikuwa yananiwaka moto. "Unipe maganda ya bule, yenye haina kitu ndani."

"Maganda? Njo ile tu?"

"Njo ile."

Alichota kiganja kizima ndani ya ndoo yake moja, akaongeza tena kidogo juu. Nikapokea kwa mikono miwili.

Niliyapanga maganda juu ya mchanga. Kaa mdogo mmoja akalikagua moja, akaingiza mguu, akatoka, akaingia mzima mzima na kuondoka nalo. Jiwe la mbele lilikuwa limeanza kuonekana rangi yake. Mama mudogo alisimama nyuma yangu, kitana mkononi.

"Ba mama," aliwaambia wateja, "musogeze kiti. Munamuzibia mutoto."

Nikakaa chini mbele ya kioo, viatu vya masomo bado mguuni, nikapumua.